Petroli ikimwagika kwenye viti vya ngozi, weka chetezo mbali

Gari nyingi ninazoletewa hapa Chake Chake kwa ajili ya petroli iliyomwagika kwenye viti huwa zimeshafanyiwa mambo mawili kabla ya kunifikia: zimeoshwa kwa sabuni ya unga, na zimefukizwa udi. La kwanza linaua ngozi taratibu. La pili lingeweza kuondoka na gari, mwenyewe na banda la kuku la jirani kwa pamoja. Basi wacha nianze na udi, ngozi itafuata.

Kinachoshika moto kwenye petroli ni mvuke wake, na mvuke huo inautoa hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, baridi ambayo friza zetu hazifiki hata nusu yake. Hewa ya ndani ya gari ikishachanganyika na mvuke huo kiasi cha asilimia 1.4 tu, kaa moja la chetezo linatosha. Tena mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, mara tatu hadi nne. Haupandi juu ukatokea dirishani. Unalala chini, kwenye kapeti na chini ya kiti, pale pale mtu anapopenda kuweka chetezo ili moshi upande vizuri.

"Fundi, nimefukiza udi wa bei, mbona inanuka vile vile?" aliniuliza mama mmoja mwenye Harrier.

"Mama, sema alhamdulillahi kwanza, halafu tuzungumze hiyo harufu."

Hapa kwetu chanzo kikubwa ni madumu ya mashine za boti. Mtu ana boti yake ya faiba Tumbe au Wesha, anapita kituoni na gari yake ya kutembelea, anajaza dumu la njano lililokuwa la mafuta ya kula, analisimamisha nyuma ya kiti cha dereva, kisha anaanza kupanda na kushuka vilima vya Pemba. Kifuniko cha dumu lile hakikutengenezwa kwa petroli. Na dumu la lita 20 lililojazwa mpaka mdomoni asubuhi, likizidi joto kwa nyuzi 20 ndani ya gari iliyofungwa vioo, petroli iliyomo inatanuka kwa zaidi ya theluthi ya lita, mbali na mvuke unaosukuma kutoka ndani. Itapita wapi? Wengine wanabeba ya jenereta, wengine wanajaza akiba wakihisi ZURA, mamlaka inayopanga bei za mafuta Zanzibar, ikitangaza bei za mwezi zitapanda. Mimi sababu si shughuli yangu, shughuli yangu ni kiti.

Saa ya kwanza

Simamisha gari pahala pa wazi penye upepo, zima, chomoa ufunguo, teremsha watu, watoto mwanzo. Fungua milango yote na buti, halafu usiguse swichi yoyote tena. Usipandishe wala kushusha vioo vya umeme, usichomeke chaja ya simu, usiwashe feni eti itoe harufu, kwa sababu mota ya feni inaweza kutoa cheche na yenyewe ndiyo inayovuta hewa ya humo humo. Kama gari imelala ndani ya gereji ya nyumba au karibu na jiko la makaa, isukumeni kwa mikono. Dumu litolewe likiwa wima na lipelekwe kivulini, mbali na gari.

Vaa glavu ukiweza kuzipata zile za naitraili, za buluu. Zile nyeupe za mpira mwembamba petroli inazilainisha zikapasuka vidoleni. Nguo yako ikirowa, vua na uoge kwa sabuni. Usijikaze eti utamaliza kazi kwanza. Kichwa kikianza kuuma, toka ukae upepo unakotoka.

Sasa kausha. Chukua kanga kuukuu ya pamba au taulo lililochoka, likunje, ulibandike juu ya pahala paliporowa na ulikandamize kwa kiganja. Linyanyue, geuza upande mkavu, bandika tena. Anzia ukingoni ukielekea katikati ili doa lisitanuke. Usisugue. Petroli inapoipata rangi ya ngozi inailainisha kwa muda, na mkono unaosugua wakati huo unaondoka na rangi yenyewe. Ukiona kitambaa cheupe kimeanza kuchukua rangi ya kiti, punguza nguvu, gusa tu na unyanyue. Ngozi ikiwa inanata, iache kabisa mpaka mnato uishe wenyewe. Mara nyingi inarudi kuwa ngumu kidogo kidogo petroli ikisharuka.

Na usimwage maji. Petroli ni nyepesi kuliko maji, inaelea juu yake, kwa hivyo ndoo moja ya maji haiisafishi bali inaitembeza: itoke kwenye doa la kiganja iingie kwenye mishono yote, ishuke kwenye sponji, ifike kwenye kapeti. Gari ikija kwangu imemwagiwa maji, kazi inaongezeka na bei inaongezeka nayo.

Vitambaa ulivyokaushia vitandaze nje juu ya mchanga mpaka vikauke. Usivirundike jikoni wala usivitie kwenye mashine ya kufulia pamoja na nguo za watoto.

Kimemwagika nini, juu ya kitu gani

Kabla hujanunua dawa yoyote, jibu maswali haya mawili.

La kwanza, ni mafuta gani? Petroli safi sehemu kubwa inaruka yenyewe ikipata upepo. Inabakisha harufu na ukavu, lakini inaondoka. Petroli ya mashine za boti za zamani, zile za tu-stroki, imechanganywa na oili, aghalabu sehemu moja ya oili kwa 50 za petroli. Petroli itaruka, oili itabaki kwenye kiti, na hiyo lazima uioshe. Dizeli ndiyo yenye inda. Haishiki moto upesi, inahitaji joto la zaidi ya nyuzi 50 kabla mvuke wake haujaweza kuwaka, na kwa sababu hiyo hiyo hairuki. Unaweza kuitandaza gari kutwa nzima, wiki nzima, na dizeli ikawa ipo pale pale inakungoja. Mafuta ya taa yako kati ya hizo mbili, lakini kwa kiti yanakaribia tabia ya dizeli.

La pili, ni ngozi kweli? Gari nyingi tunazoletewa kutoka Japani zina ngozi halisi pale unapokalia na unapoegemea tu. Ubavuni, nyuma ya kiti na mlangoni ni rekseni, yaani plastiki iliyopakwa juu ya kitambaa. Na gari za kubeba watalii, zile Noah na Alphard, nyingi zimevalishwa kava za rekseni hapa hapa visiwani. Ingiza mkono chini ya kiti utafute ukingo ambao haukukunjwa. Ukiona upande wa ndani una manyoya manyoya kama suedi, hiyo ni ngozi. Ukiona nyuzi zilizofumwa, hiyo ni rekseni. Rekseni ni rahisi kuosha, ila petroli inaitoa yale mafuta yanayoifanya iwe laini, na ikishakauka inakuwa ngumu na kukatika kwenye mikunjo. Hakuna losheni ya kuirudishia ulaini huo. Ikifika hapo, shona nyengine.

Ngozi halisi ya gari nayo iko ya aina mbili. Iliyo nyingi imepakwa rangi na juu yake koti jembamba la plastiki. Tone la maji ukiliweka juu yake linasimama. Nyengine, ya gari za bei kubwa, haina koti. Tone linazama na kuacha kivuli. Hiyo ya pili ukiimwagia dizeli, ujue doa utalipunguza tu, hulimalizi. Mwenye gari namwambia mapema ili tusije tukalaumiana.

Tatizo liko kwenye sponji

Watu wanahangaika na ngozi kwa kuwa ndiyo inayoonekana. Lakini kiti ni ngozi nyembamba juu ya sponji nene, na mafuta hayakai juu. Yanapita kwenye tundu za mishono, na kama ngozi ni ile yenye vitundu vya hewa, yanapita kila pahala. Sponji inayanywa kama boflo linavyokunywa mchuzi. Unaweza kuisafisha ngozi mpaka ikang'ara, ukafunga vioo, na saa saba mchana jua likipiga, kiti kikatapika harufu yote uliyodhani umeitoa. Kwa hivyo ikiwa kilichomwagika ni kiasi cha kikombe au zaidi, usifikirie losheni kwanza. Kiti kinatoka.

Subiri mpaka harufu kali iondoke ndani ya gari, milango ikiwa wazi, kisha ndipo ufungue betri, waya hasi mwanzo. Usiifungue gari ikiwa bado imejaa mvuke, maana ncha ya betri inapoachia inaweza kuruka cheche, na gari nyengine betri yake imewekwa nyuma ndani ya buti, hatua chache tu kutoka kwenye dumu. Ukishaifungua, ngoja kama dakika kumi. Kiti kinaweza kuwa na begi la hewa ubavuni, na lile linahifadhi umeme wake kwa muda mfupi hata betri ikiwa imetolewa. Soketi yake chini ya kiti kwa kawaida ni ya njano. Usiipime kwa taa ya kupimia, usiivute kwa waya. Bonyeza klipu na uiachanishe kwa utulivu. Huna uhakika, mwite fundi umeme. Begi la hewa likifunguka usoni pako halikusamehi.

Kiti cha mbele kimeshikwa na bolti nne, na kwenye Toyota nyingi spana ya 14 inatosha. Ukishakitoa, kipindue uinuse sponji kutoka chini, kisha inuse kapeti iliyokuwa chini ya kiti. Mara nyingi kapeti ndiyo imebeba zaidi, kwa sababu mafuta yanafuata mteremko wa sakafu, yanajificha kwenye lile felti lililo chini yake. Hapo ndipo wengi wanaposhindwa: wanarudisha kiti kisafi juu ya felti lililoiva dizeli.

Kama ni petroli safi, sponji sioshi. Navua ngozi, nakata vile vipete vya waya vinavyoishika, navihesabu na kupiga picha kila kona kabla sijaigusa, kisha sponji naisimamisha nje kivulini panapopita upepo. Wakati wa kusi, Juni mpaka Septemba, upepo unakufanyia kazi bure. Masika ni shida. Hewa imejaa maji, kitu hakikauki, na ngozi iliyolala na unyevu inaota ukungu kabla harufu haijatoka. Wakati huo natandaza chini ya paa, wala siingizi ndani ya nyumba. Jua kali la moja kwa moja sponji inalivumilia kwa muda, ngozi hailivumilii.

Ikiwa ni dizeli au petroli yenye oili, upepo hautoshi. Sponji inaoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, unaikamua kwa viganja bila kuipinda isije ikachanika, unasuuza, unarudia mpaka maji yatoke bila rangi ya upinde juu yake. Halafu ikauke kweli, mpaka ndani. Kusema kweli, mimi pahala palipoiva dizeli sana nakata kipande na kubandika sponji mpya nzito ya daraja moja nayo. Ni kazi ya asubuhi moja badala ya wiki ya kuosha na kungoja. Ila kabla ya kisu, angalia kama kiti cha abiria kina lile jamvi jembamba la umeme linalotambua kuwa mtu amekaa. Hilo halikatwi, haliloweshwi, wala halirudishwi limekunjika, la sivyo taa ya begi la hewa itawaka kwenye dashibodi na haitozimika.

Mkanda wa kiti nao uukague. Ukiwa umerowa, uoshe kwa maji na sabuni laini tu, uuvute wote nje mpaka ukauke. Ukiona nyuzi zimekuwa ngumu au zimebadilika rangi, badilisha mkanda.

Kuosha ngozi yenyewe

Ngozi ina uchachu wake wa asili, pH yake iko baina ya 3.5 na 5 hivi. Sabuni ya mche iko kwenye 9 au 10. Sabuni ya unga haiko mbali na hapo. Magadi ya kupikia maharage yanapita zote hizo, na kuna watu wanayasaga wakayasugua kwenye kiti kwa kuwa walisikia kuna unga mweupe unaonyonya harufu. Unga unaosemwa ni ule wa kuumulia keki, baikaboneti, na huo pia mimi nautumia kwenye kapeti tu, mkavu, nikaulaza usiku na kuufagia asubuhi. Kwenye ngozi sitii. Jiki usiifikirie kabisa.

Chukua lita moja ya maji ya vuguvugu, tia kijiko cha chai kimoja cha shampuu ya watoto. Piga mpaka litoke povu jingi, halafu tumia povu, si maji. Lichote kwa kitambaa laini, pitisha kwa mduara mdogo mdogo, na kwenye mishono tumia mswaki laini. Jaribu mwanzo pahala pasipoonekana, nyuma ya kiti chini. Kisha futa kwa kitambaa chengine kilichoroweshwa maji matupu na kukamuliwa, tena kwa kikavu. Fanya kipande kimoja kimoja, usiloweshe kiti kizima. Maji yawe ya mvua au ya mfereji. Visima vyetu vya karibu na pwani vina chumvi, na chumvi ikikauka kwenye mishono inaacha ukoko mweupe unaokula uzi.

Doa la oili au dizeli lililobaki ndani ya ngozi halitoki kwa povu. Hapo natumia unga wa muhogo mkavu, uliochekechwa kwa kitambaa mpaka ukawa laini kama poda. Ulaze juu ya doa unene wa kidole, uache usiku mzima, asubuhi uufagie kwa brashi. Utauona umekuwa na rangi ya njano ya mafuta. Rudia na unga mpya mpaka ubaki mweupe. Kwenye ngozi yenye vitundu usifanye hivyo, utakaa na sindano ukizibua kimoja kimoja. Na unga usikutane na unyevu, utaota ukungu. Konflawa inafaa vile vile kama unayo ndani.

Usijaribu kuondoa petroli kwa tina wala kwa spiriti kali. Hizo zinamaliza koti lililonusurika.

Harufu

Siki haiondoi harufu ya petroli. Inaleta harufu ya siki, na kwa siku mbili utakuwa na gari inayonuka petroli yenye achari. Kahawa inafunika kwa muda. Mafuta ya karafuu ndiyo Wapemba tunayakimbilia, tena kiwanda cha makonyo, kile cha kutoa mafuta ya karafuu, kiko hapo Wawi, kwa nini mtu asitie matone mawili kwenye kiti? Kwa sababu mafuta yale ni makali, yanalainisha plastiki, na koti la ngozi ni plastiki. Nimepokea kiti cha Crown chenye alama mbili za mviringo zilizokauka na kukunjana, kila moja saizi ya sarafu, na mwenyewe akaapa kuwa hakuweka kitu ila karafuu.

Kinachonyonya kweli ni makaa yaliyoamilishwa, yale ya kwenye vichujio vya maji na vya hewa. Yatie kwenye vifuko vya kitambaa, viweke chini ya viti na kwenye buti, vioo vikiwa vimefungwa usiku. Makaa ya jikoni yanasaidia kidogo, hayana nguvu ile. Lakini yote haya ni baada ya sponji na felti kushughulikiwa. Makaa yanamalizia, hayaanzi.

Jambo jengine kwa wenye mashamba: msimu wa karafuu ukifika, usipakie magunia kwenye gari ambayo bado inanuka. Karafuu inavuta harufu ya jirani yake, na ukiifikisha kwenye kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, inanuka petroli utakuwa na kazi ya kujieleza.

Kuirudishia ngozi mafuta yake

Ngozi ya gari inapotengenezwa kiwandani inalishwa mafuta maalumu ili nyuzi zake ziteleze. Petroli inayayeyusha na kuondoka nayo. Ndiyo sababu kiti kinakuwa kikavu, kinalia ukikikalia, na baada ya miezi kinapasuka pale pale palipomwagika, wakati mwenye gari ameshasahau kuwa kulikuwa na dumu.

Ngoja mpaka harufu iishe kwenye ngozi na iwe kavu kabisa. Ukipaka losheni juu ya petroli unaifungia ndani. Tumia losheni ya ngozi ya gari iliyo ya maji, nyeupe, isiyonuka mafuta ya taa. Tia kidogo kwenye sponji ndogo, paka tabaka jembamba, iache kama nusu saa, futa iliyobaki juu. Kesho rudia. Matabaka mawili membamba yanaingia. Moja nene linabaki juu linakamata vumbi. Kwenye rekseni usipoteze losheni yako, haiingii.

Mafuta ya nazi najua yamo katika kila nyumba, na najua babu alipakia mikoba yake. Kwenye kiti cha gari yanakaa juu ya koti, yanachacha kwa joto, na masika yakija ukungu unayashangilia. Dawa ya viatu ni mbaya zaidi: ina nta iliyoyeyushwa kwa mafuta yale yale ya jamii ya petroli, na rangi yake inahama. Mwenye gari akikaa Ijumaa na kanzu nyeupe, atashuka msikitini na ramani nyeusi mgongoni.

Rangi ikiwa imetoka, losheni haitairudisha. Kuna rangi za maji za ngozi zinazochanganywa kufuatisha rangi ya kiti. Zinapakwa kwa matabaka membamba, na juu yake koti la kumalizia. Lakini rangi haishiki juu ya mafuta, kwa hivyo kiti chenye dizeli ndani kikipakwa rangi kinabanduka kama magamba ndani ya miezi michache. Rangi ya makopo ya kupulizia bodi usiikaribie. Inakauka ngumu na kiti kinakunjika.

Dumu lijalo

Chombo kiwe kile kilichotengenezwa kwa petroli, cha chuma au cha plastiki nzito chenye mpira kwenye kifuniko. Wakati wa kujaza, kiwe chini kwenye ardhi, si ndani ya gari juu ya kapeti, kwani umeme wa msuguano unajikusanya kwenye chombo kisichogusa ardhi. Usijaze mpaka mdomoni. Acha nafasi ya vidole vitatu vinne. Kibebwe kwenye pikapu, na kama huna, lipa mwenye pikapu. Buti ya Noah au ya Harrier si nje ya gari, hewa yake ni moja na ya abiria. Ukilazimika kabisa, kiweke wima ndani ya beseni, kifungwe kwa kamba kisilale kwenye kona, vioo vishushwe, na safari iwe ya moja kwa moja bila kusimama barazani kunywa kahawa huku gari inapikika juani.

Kabla ya kumkabidhi mtu gari yake, naifunga vioo vyote saa sita mchana na kuiacha juani kama saa moja. Pua yangu mimi siiamini, imeshazoea. Namwita kijana wa duka la jirani, hajui nilikuwa nafanya nini, namwambia afungue mlango na aniambie ananusa nini. Akisema losheni, gari inaondoka. Akikunja uso, kiti kinatoka tena na nalifunua felti.